Kwikwi ya Siku ya Mfungo

Nikiwaambia kwamba siku hizi nacheka nikikumbuka siku ile nitakuwa nadanganya, na uongo ndio ulioniponza, kwa hiyo niseme ukweli: bado naona aibu, na nikimwona hapa Kasongo mtu yeyote wa Wamaza aliyekuwemo kanisani mchana ule, navuka barabara.

Baba yangu ni mchungaji wa kanisa dogo kule Wamaza, kanisa lenye kanuni nyingi kuliko viti. Tulilelewa bila redio, bila ngoma, bila kusuka nywele, bila suruali kwa wasichana, na bila dawa kama maombi bado hayajaisha (na maombi hayakuwa yanaisha). Nilipokuja Kasongo kujifunza cherehani sikukosana na Mungu, mnisikie vizuri, nilichoka tu. Jumapili moja nililala, ya pili nikafua nguo, ya tatu sikutafuta hata sababu. Nyumbani sikusema kitu.

Mwaka jana nikarudi kwa jambo moja tu, kumwombea ruhusa mdogo wangu Yunisi aje kukaa nami ajifunze kushona. Baba alikuwa amekataa mara mbili kwa simu, akisema mji unaharibu wasichana, na mara ya tatu akasema nije mwenyewe anione. Nilielewa maana yake: akinikuta nimeharibika, Yunisi habanduki. Basi nikafumua nywele, nikaficha suruali chini kabisa ya begi, nikakaa kwenye pikipiki kutwa nzima na kitenge kirefu (jaribuni siku moja, kiuno kitawasimulia), nikafika jioni nimejaa vumbi mpaka kwenye meno, kumbe wako katika siku tatu za mfungo mkavu. Hakuna chakula, hakuna maji, na jiko haliwashwi mpaka jua lizame.

"Dorkasi, uko mu mfungo pamoja na sisi?" Baba akaniuliza hata sijaweka begi chini.

"Ndiyo, Baba," nikajibu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kesho yake mchana watu wote wa nyumbani walitangulia kanisani, mimi nikasema nafunga kitambaa kichwani nawafuata. Kupita jikoni, nikasikia harufu. Nikainua kikapu kilichopinduliwa sakafuni, nikakuta muhogo uliochemshwa, bado wa moto. Ni wa nani? Sikujiuliza kabisa, njaa haina maswali. Nikameza vipande vitatu kama bata, bila maji, kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu, siku za mfungo hatuchoti mpaka jioni, kisha nikajifuta mdomo nikakimbia.

Kwikwi zikanianza kwenye wimbo wa pili.

Nilibana pumzi, nikabana pua, nikauma ncha ya kitambaa, wapi! Na mjue kwamba katika kanisa letu mtu aliyetoka mbali akirukaruka mwili wakati wa maombi ya mfungo haulizwi kama ana kiu, anaambiwa amekuja na mgeni ndani yake. Mama Salome, mkubwa wa waombezi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, akaja akaniwekea mikono miwili kichwani.

"Toka!" akapiga kelele.

"Kwi!" nikafanya mimi.

"Musikie, inajibu! Wee pepo, uliingia wapi mu huyu mutoto?"

"Kwi!"

"Ni Kasongo!" akajijibu mwenyewe, na kanisa zima likaitikia kwamba pepo la Kasongo lishindwe, na akina mama wengine wanne wakanizunguka wakipiga makofi. Nikafumbua jicho moja. Nikamwona Baba anatikisa kichwa polepole, mtu aliyepata jibu lake, na nyuma yake Yunisi analia. Nikaelewa kwamba nikinyamaza nitatakaswa, nitashangiliwa, nitarudi Kasongo peke yangu.

"Hapana pepo, Mama Salome!" nikapaza sauti. "Iko muhogo! Nilikula muhogo!"

Mikono ikatoka kichwani pangu. Na kwikwi, kwa ubaya wake, zikaisha papo hapo.

"Muhogo ya nani?" Baba akauliza. "Kwangu hakuna moto muchana wa mfungo."

Na mimi, kwa vile nilishaanza ukweli nikaona niumalize (mjinga mimi!), nikasema, "Ilikuwa mu jiko, Baba, chini ya kikapo. Ingali ya moto."

Kwenye benchi la akina mama, mtu akasimama. Alikuwa Mama yangu.

"Ni yangu," akasema, anatazama chini. "Tumbo yangu haiwezi njaa, Muchungaji."

Jamani, nilitamani pepo lile liwe la kweli lije linichukue. Nilikwenda pale kumtetea Yunisi, nikamvua nguo Mama yangu mbele ya watu aliowafundisha kufunga.

Nyumbani jioni Baba hakupiga kelele. Alikaa mbele ya Mama, akamwuliza ni tangu lini. "Tangu mimba ya Dorkasi," Mama akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniombea tu."

Baba hakugusa chakula mpaka kikapoa. Kisha akasema Yunisi aende Kasongo, na mama yake aende naye, akapimwe tumbo hospitalini. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wameshakata shauri lao: Jumapili nne Mama akae benchi la nyuma karibu na mlango, bila kupewa mkono na mtu. Mimi nilikaa naye zote nne, wateja wangu Kasongo wakinilaani kwa nguo zao, na Yunisi akatusubiri.

Sasa Mama anakunywa dawa, amenenepa kidogo, na ananiambia nisijilaumu. Lakini Mama Salome hadi leo hampi mkono. Kwa hiyo nikienda Wamaza wakati wa mfungo nasimama mlangoni, begi likiwa bado mkononi, nasema, "Baba, mimi sifungi." Naye ananijibu, "Nimesikia," ananipisha nipite. Ni maneno matatu tu, na siku ile yalinishinda, akayalipia Mama.