Mpira wa Meza Juu ya Mlango wa Jiko

Ni nani aliyetufundisha, sisi watoto wa Matogoro, kwamba mpira wa meza huanzishwa kwa kuupiga moja kwa moja hadi upande wa mpinzani? Nimewauliza kaka zangu wawili, wazee wenye mvi sasa, na kila mmoja anamtaja mwenzake. Jibu sina hadi leo.

Chanzo chake, hata hivyo, nakihisi. Wa rika langu watakumbuka kwamba zamani zile mchezo ulianza kwa kupekua nyumba. Meza yetu ilikuwa mlango wa jiko. Jumamosi kaka Fidelis aliung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya kreti tupu za soda, na matofali machache yakawa wavu. Vibao tulichonga wenyewe. Mpira ulikuwa mmoja. Ukibonyea tuliutumbukiza kwenye maji ya moto hadi ukafutuka. Mama, akisonga ugali bila mlango, alilalamika: "Mnacheza ninyi, ukungu wa mlimani unakuja kula na sisi!" Juu ya mlango mfupi namna ile, mpira uliodunda kwanza upande wako uliishia kwenye matuta ya maharage. Bila shaka ndiyo sababu tuliufuta mdundo huo, kisha tukasahau kwamba tuliufuta.

Nilipoingia sekondari mjini Songea nilikuta meza ya kweli, ya kijani. Wasichana wawili wangekwenda Mbinga kushindana. Nafasi moja ilikuwa tayari ya Zawadi, Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, binti wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Songea kutoka Iringa. Ya pili niliitaka kwa moyo wote, na mtaa mzima nilikwisha kuutangazia kwamba ni yangu.

Siku ya majaribio nilipangwa kucheza na Zawadi. Nikaanzisha kwa nguvu.

"Kosa," alisema mwalimu wa michezo.

Nikarudia. "Kosa."

"Kosa gani, mwalimu?"

"Mpira haujagusa upande wako."

Zawadi akaweka kibao chini. "Mtani, ninyi Wangoni bado mnarusha mikuki tu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilishindwa bila yeye kutoka jasho. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba mkono ninao, sheria sina, na kwamba angenipima mara ya mwisho wiki inayofuata.

Nyumbani nilimwambia baba kwamba meza ile sitaigusa tena, na Mhehe yule sitamsemesha. Baba alikuwa akimenya muhogo, wala hakuinua uso.

"Mtani hakasirikiwi, mwanangu. Ana haki ya kukucheka. Nawe una haki ya kumdai. Amekucheka?"

"Sana, baba."

"Basi mdai alicho nacho."

Siku hizi mambo ni rahisi zaidi. Kijana akichekwa kwenye simu humfungia aliyemcheka, na habari ikaisha. Binti yangu alipoanza mchezo huu alitazama kwanza video, akadai viatu vyake maalumu, kisha akaacha wiki ya pili kwa kuwa mwenzake aliandika utani kwenye kundi lao. Viatu bado vipya. Simlaumu: ana meza kamili na sheria zote kiganjani, ila hana mtani. Kizazi chetu kilikosa karibu kila kifaa, lakini aliyekucheka hakuwa na pa kujificha, wala wewe hukuwa na pa kukimbilia. Mlikutana tena kesho, mtake msitake.

Usiku ule nilikata shauri. Asubuhi yake, kabla ya paredi, nilimkuta Zawadi peke yake akifagia darasa.

"Mtani," nikamwambia, "jana ulinicheka. Leo nadai. Nifundishe kuanzisha."

Alicheka tena, akaegemeza fagio ukutani, akatangulia kwenda mezani.