Dawa ya kuziba pua za wadudu iliziba yangu, sasa Prof anataka hesabu

Hii habari ilinigharimu magunia manne ya kahawa, sabuni mbili na pua. Sabuni nilishasamehe.

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo. Yalinipata mwenyewe. Mkiona nimepunguza mahali, ni mazoea ya soko, si uongo.

Ilikuwa wakati wa vita ile ya pili ya huku kwetu. Nilinunua kahawa Beni na Eringeti, nikauza Butembo. Mizani kila mtu alikuwa nayo, na kila mizani ilimpenda mwenyewe. Mimi nilitegemea pua. Nikifungua gunia nikasikia kuvu, bei inashuka pale pale.

Jirani yangu tulimwita Prof. Mtu wa Kasai, Serikali ilimtuma huku kufundisha kemia, kiisha vita ikakata barabara na mshahara pamoja. Bibi yake na batoto walibaki kule.

Chumbani alifuga vidudu vya maharage. Sisi tunavifukuza, yeye anavilisha.

Alinieleza hivi: puani muko vipokezi, kama vifuli vidogo, kila kimoja kinangoja harufu yake. Yeye alitafuta dawa ya kuziba vifuli hivyo, mdudu asijue maharage yako wapi. Aliniwekea mmoja aliyekwisha kuivuta mezani. Nikaona mdudu anapita kando ya harage kama mtu anayempita mdai wake.

Siku moja akaniomba nimfikishie chupa mwenzake wa Beni, aliyekuwa anavuka kwenda Uganda, penye maabara ya kweli. Akanilipa sabuni mbili. Mwanzo nilitaka tatu.

Kufika barrière, kizuizi cha barabarani, askari akaishika chupa.

"Iko nini humu?"

"Dawa ya wadudu, chef. Ni ya mwalimu."

"Hii ni pombe. Meka."

Meka ni Kilingala, maana yake onja. Na mnajua huku kwetu: mwenye kuleta kinywaji anaonja yeye kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Kwa hiyo sikuweza kusema desturi hiyo siijui.

Tukaanza kupatana. Yeye alianzia kifuniko kizima. Mimi nilianzia kuitazama tu. Tukakutana katikati: nivute harufu, tundu zote mbili, mara mbili.

Nikavuta. Ilinuka majani mabichi. Sikuanguka, akaniruhusu. Sabuni zilibaki kwake. Chupa ikafika Beni.

Kesho yake niko Eringeti kwa Mama Masika, mukulima ambaye tulibishana naye bei miaka. Nikafungua magunia manne. Safi kabisa. Akasema bei yake, nami nikalipa.

Mama Masika hakupokea mara moja. Alinitazama.

"Papa, uko na homa?"

"Hapana, Mama. Kahawa ni muzuri."

"Mwaka huu mvua ilininyeshea kahawa yote," akasema polepole, kama mtu anayempa mgonjwa nafasi ya mwisho. Mimi nikafunga magunia.

Butembo, mwenye depo alifungua gunia la kwanza akarudi nyuma. "Hii kahawa ilikufa lini?"

Nikaenda kwa Prof na hasira yangu yote. Akanikalisha, akaninusisha kitunguu, petroli, samaki mukavu. Vyote nilisikia. Akaleta kahawa yenye kuvu. Hakuna kitu.

Kwanza macho yake yaling'aa. Kiisha akaona haya. "Nilidhani inaziba ya wadudu tu. Samahani, ndugu yangu."

Tokea hapo akawa anakuja soko kila Jumamosi kuwa pua yangu. Yeye ananusa, mimi naongea. Hakujua kupatana hata kidogo. Akikuta kahawa nzuri anaisifu mbele ya mwenyewe, na mimi nalipa sifa hizo.

Sasa jambo lenyewe, wakuu.

Prof alikuwa na njaa. Mshipi wake alishautoboa tundu mpya kwa msumari, mara ya pili. Bibi yangu, Kavira, alimtumia sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Ikarudi imefunikwa vilevile. "Mimi ni mfanyakazi wa Serikali," alisema, "si muombaji."

Lakini chakula cha soko alikula, kwa sababu alinusa. Ile ilikuwa kazi, na sahani ni mshahara. Na Kavira, mwenye kuipika, aliijaza.

Juma la tatu, Prof ameinama kwenye gunia, ile harufu ya kuvu ikaniingia puani kama ndugu aliyepotea. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaona mshipi: umerudi tundu moja nje.

"Unasikia kitu?" akaniuliza.

"Hapana, Prof."

Kila Jumamosi aliniuliza. Kila Jumamosi nilijibu hivyo, miezi saba, mpaka amani ilipofungua njia akapanda ndege kwao.

Juma lililopita alinipigia simu. Ni mzee sasa. Kazi ile anataka kuiandika, ichapishwe, vijana waiendeleze, na mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kuivuta.

"Pua yako iliziba miezi saba kamili, mpaka nilipoondoka? Nakuuliza wewe maana unahesabu kila kitu mara mbili."

Nikamwambia simu inakatika.

Kavira ananicheka. "Unapunguza bei ya dunia nzima. Punguza na hiyo miezi."

Nilichojifunza: ukimfichia mtu wema, ficha penye hakuna mtu wa kupima.

Nikimpa saba, vijana watajenga juu ya uongo wangu. Nikimpa majuma matatu, atafanya hesabu mwenyewe, na atajua kwamba tangu hapo ile sahani haikuwa mshahara.

Walimu, waganga na wenye hekima humu, nisaidieni. Atapiga tena Jumamosi.