Jina Nyuma ya Ufagio

"Bi Verna, jina hili umeliandika wewe mwenyewe?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti mbele ya mlango wa stoo yake ya chakula, tepu ya kupimia mkononi. Yeye alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka.

"Umekuja kupima au kuhoji?"

"Vyote viwili."

"Basi pima. Kuhoji kuna polisi."

Nikapima, lakini tangu hapo sikumwamini tena.

Sikuwa peke yangu. Hapa Harwick kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya Verna Stolpe. Alikuwa ameosha vyombo kwenye bwalo la chuo miaka thelathini na mmoja, hakuolewa, na aliishi peke yake katika nyumba ya mbao ya marehemu mama yake, Mtaa wa Prentiss. Jumamosi za mpira, mtaa mzima tunaacha magari ya wageni yaegeshwe kwenye nyasi zetu. Za kwake zilibaki tupu, kamba imezungushwa. "Huyo kazika kitu pale," jirani yetu Dwayne Kettering alipenda kusema, huku akipunga kitambaa kuelekeza magari. "Mtu mwenye roho safi haogopi matairi."

Na kubwa zaidi, hakuhudhuria Siku ya Tarrant.

Mtoto wa Harwick humjua Lucius Tarrant kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyegundua dawa ya kuvu wa mahindi, ndiye yule wa sanamu iliyo mbele ya maktaba, na kila Oktoba tunakunywa supu ya mahindi uwanjani kwa heshima yake. Tunajua pia kwamba alipokuja kusoma, mabweni ya chuo hayakupokea wanafunzi weusi, na kwamba mjane mmoja, Hedda Stolpe, alimfungulia mlango wake. Kwenye maigizo ya shule kila darasa lina Hedda wake, aproni nyeupe, mikono miwili imenyooshwa. Mwaka mmoja Hedda nilikuwa mimi. Huyo Hedda ndiye mama yake Bi Verna. Sasa, mama yako anasifiwa na mji mzima, halafu siku yenyewe wewe unafunga mapazia?

Mwaka ule nilipomuuliza, nyumba ilikuwa mbioni kubomolewa. Hedda alikuwa amemwachia mwanawe wa kiume, na baada yake ikawa ya mtoto wa huyo, Curtis, anayeishi Des Moines. Curtis alitaka kuiuza kwa watu wanaojenga maghorofa ya wanafunzi. Kitu kimoja tu kingemzuia: kamati ya majengo ya kale ikiridhika kwamba Tarrant aliishi humo, hakuna ambaye angeigusa, na Bi Verna angezeekea kwao. Tatizo ni kwamba enzi zile Hedda alikuwa na nyumba mbili mtaani, na Curtis aliapa kuwa Tarrant alikaa kwenye ile nyingine, ambayo siku nyingi imekuwa maegesho. Karatasi za kuthibitisha hazikuwepo. Ulikuwepo mlango tu.

Upande wa ndani wa mlango wa stoo, kila mpangaji wa Hedda aliandika jina lake kwa penseli siku ya kuondoka. Majina arobaini na matatu. Nilikuwa na kazi ya somo la historia, nikaamua kupima kila jina liko inchi ngapi kutoka sakafuni. Kwa nini, sikumbuki. Nadhani tepu ilikuwa mpya. Arobaini na mawili yalikuwa kati ya inchi hamsini na tano na sitini na mbili, pale mkono wa mtu mzima unapofika bila taabu. La arobaini na tatu, L. Tarrant 1945, lilikuwa inchi thelathini na nane, nyuma ya ufagio uliotundikwa kwenye msumari. Na Tarrant alikuwa mrefu kupita kiasi, wazee wote wanasema. Halafu herufi zenyewe zilitetemeka. Nikaitazama mikono ya Bi Verna juu ya viazi. Nayo ilitetemeka.

Nilichora jedwali. Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: Nani ameliandika jina hili, na lini? Mwalimu alinipa alama ya juu kabisa, na kazi ikabandikwa maktaba pamoja na nyingine bora. Dwayne alisimama mbele yake akapiga mluzi. "Mtoto wa darasa la tano kamnasa!" Nilijiona mrefu kama sanamu.

Kamati ilikaa humohumo maktaba, Jumanne saa kumi jioni. Mwenyekiti, Bwana Fenner, profesa mstaafu mwenye upole wa kutisha, alikuwa na jedwali langu mkononi.

"Bi Verna, mimi nina swali moja tu. Huu ni mwandiko wa Tarrant?"

Bi Verna akalitazama jedwali langu.

"Shangazi, mjibu tu twende nyumbani," Curtis akasema.

"Nyumbani kwa nani, Curtis?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama picha ya mama yake ukutani, ile ya aproni. Nikajiambia, huyo, anatunga uongo.

"Si mwandiko wake," akasema.

"Ni wa nani, basi?"

"Umesema swali moja, Bwana Fenner."

Kura ilikuwa tano kwa sifuri. Masika yalipoingia, tingatinga likaja. Siku moja kabla yake nilimkuta Bi Verna uani, bisibisi mfukoni, anauburura ule mlango wa stoo kuelekea kwenye gari la kuhamia. Alikuwa na miaka sabini na mitano.

"Shika huku chini, mpelelezi," akaniambia. "Au na hili ulipime kwanza?"

Nikashika. Moyoni nilisema anaficha ushahidi.

Hayo ni ya miaka sita iliyopita. Majira haya ya baridi shule ilitudai saa za kujitolea, nikapangiwa kupelekea wazee chakula cha mchana, kwenye zile nyumba zao kando ya barabara kuu. Chumba namba tisa, Verna Stolpe. Nusura nibadilishane na mwenzangu.

Alinijua papo hapo. "Leo hukuja na tepu?"

Nikaweka chakula mezani. Mlango wa stoo ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu na kitanda, na ufagio uko palepale, kwenye msumari uleule. Kila sahani huja na kadi ambayo watoto wa darasa la kwanza huwaandikia wazee. Akaifungua yake, akaisogeza mbali na macho, akaanza kutabasamu. Herufi kubwa, zimekandamizwa sana, zinatetemeka.

Nikaitazama kadi. Nikautazama mlango. Nikauondoa ufagio bila kuomba ruhusa, nikapiga magoti kama zamani. Jina lilikuwa usawa wa kifua cha mtoto.

"Bi Verna," nikasema, "mwaka 1945 ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba," akajibu. "Na lile swali lako la kwanza, ndiyo, niliandika mimi. Lucius alikaa chumba cha juu, cha nyuma, miaka miwili. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Siku ya kuondoka akashika penseli kama wenzake, mama akamwambia, wewe usiandike, majirani wanaingia humu kuazima sukari. Kodi yake aliipokea, jina lake hakulitaka. Lucius akairudisha penseli mezani, akashukuru, akaenda zake. Nikaichukua mimi. Ningeiambia kamati huu ni mkono wangu, wangeniuliza kwa nini si wake, na mama yuko pale ukutani na aproni yake. Mama aliliona lile jina kesho yake asubuhi. Nikangoja kipigo. Hakunipiga, wala hakulifuta. Alileta nyundo, akapigilia msumari, akatundika ufagio."