Ngosha na Kiboko Asiye na Kesi

Mume wangu Ngosha alikuwa mfupi, mabega mapana kama mlango wa zizi. Hakujua kuimba wala kucheza ngoma, na ng'ombe walikuwa hawamsikilizi kabisa. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, huyu ana faida gani?" Nikamjibu, ngoja kwanza aingie ziwani. Maana Ngosha akishika kasia, mtumbwi unakuwa mguu wake. Unakwenda anakotaka bila kelele, unasimama anapotaka. Na akiinua chusa, ule mkuki wa kamba wa kuwindia viboko, hata waliokuwa wanamcheka wananyamaza kimya.

Kwetu ni ukingoni mwa ziwa, upande wa Magu. Kiboko mchana analala majini kama jiwe, jua likizama anatoka kula, na mlo wake mmoja ni shamba zima la mtu. Ndiyo maana kila kijiji kilikuwa na mwindaji wake. Wa kwetu alikuwa Ngosha, na kabla yake baba yake, aliyemwachia mtumbwi, chusa na gobori moja la baruti.

Sasa sikilizeni. Mwindaji wa kwetu haondoki nyumbani hivi hivi tu. Kiboko akila mtama wako, wewe mwenye shamba unaokota bua moja lililotafunwa, unampelekea mwindaji mkononi, unataja shamba ni la nani na ameingia siku gani. Hilo bua ndilo kesi. Mwindaji analiweka mtumbwini, na akimkuta mnyama analiinua, anamsomea, "Wewe, umekula kwa fulani." Ndipo anaua. Hakuna bua, hakuna kuua, hata mnyama awe amelala miguuni pako. Ukiua bila bua, nyama yako hailiwi na mtu, na mkeo akienda kisimani wenzake wanampa mgongo. Kuna watu walisema huo ni ushirikina. Ushirikina gani? Ni akili.

Mwaka wa tatu baada ya wale nzige waliofunika jua, gobori letu lilichukuliwa. Cheti chake kilikuwa kimekwisha muda, na Ngosha hakujua kwamba karatasi nayo inakufa. Askari akaja, akalibeba kwenda bomani Mwanza. Chusa ni ya majini, ila kiboko akishaingia shambani dawa yake ni mlio wa gobori. Na mtama ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa! Ukingo wote ule, kaya zaidi ya ishirini, walikuwa wanatutazama sisi. Mimi nilikuwa silali wala sili vizuri, nasema jambo moja tu: gobori lirudi kabla ya mavuno.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Kofia Mbili.

Alikuwa Mwingereza, jina lake lilitushinda. Alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, eti jua lisimpige, kwa hiyo tukampa jina hilo. Alikuja na bunduki inayong'aa na mkalimani, Kahigwa, kijana wa Kihaya mwenye viatu na Kiswahili cha shule.

"Shikamoo, mzee," Kahigwa akasema.

"Marahaba."

"Bwana anamtaka yule kiboko mkubwa wa ghuba hii. Mwenye jino lililovunjika."

Ngosha akacheka. "Babu?"

Ndivyo tulivyomwita yule kiboko, Babu. Alikuwa mkubwa kama nyumba. Miaka kumi hakuweka mguu kwenye shamba la mtu. Alikula majani yake kule kwenye mafunjo, na viboko vijana wakitaka kuingia ghubani aliwafukuza.

"Mwulize bwana wako, Babu amemlia shamba gani?"

"Mzee, Bwana hana shamba."

"Anataka nyama?"

"Nyama mtakula ninyi. Yeye anataka kichwa tu."

"Kichwa cha nini?"

"Atakitundika ukutani, kwake."

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Ukutani! Na mkewe amekubali kulala na kitu hicho?"

"Hana mke, mama."

"Ndiyo maana!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana naye akacheka, hajui tunacheka nini. Ngosha peke yake hakucheka.

"Mwulize vizuri," akasema. "Sitaki kumtukana. Anatafuta nini hasa?"

Kahigwa akauliza. Yule Bwana alichuchumaa chini kama sisi, akaongea maneno mengi, mkono kifuani.

"Anasema kwao siku zote zinafanana," Kahigwa akatueleza. "Ofisi, chai, ofisi, kulala. Lakini akisimama mbele ya mnyama mkubwa, moyo unampiga mpaka masikioni, anajiona yu hai. Anasema wewe mwenyewe unaijua hali hiyo."

Ngosha akatazama chini. Akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Mwambie naijua," akasema. "Na kwa kuwa naijua, ndiyo sababu nadai bua."

Hapo Kahigwa akasogea, akapunguza sauti, lakini masikio yangu yalikuwa mazima. Bwana yule Jumamosi angekula mezani kwa mkubwa wa boma. Neno lake moja tu, gobori linarudi na cheti kipya. Ngosha akikataa, Bwana atavuka kwenda Sengerema kutafuta mwindaji mwingine, na gobori tulisahau.

"Mzee, kesho asubuhi tu," Kahigwa akasema. "Usiwe mgumu kama ninyi Wasukuma wote."

"Bora ugumu kuliko ulaini wa ndizi zenu," nikamrushia.

Ngosha akainuka. "Babu hana kesi," akasema, akaenda zake.

Hana kesi! Moyo wangu ulikuwa unaruka kama samaki ndani ya tenga. Gobori liko pale, mtu ananyoosha tu mkono analichukua, na mume wangu anazungumza kesi! Nikasema moyoni, kama kesi ndiyo inayotakiwa, kesi itapatikana.

Nikaingia shambani kwangu na kisu. Nikakata bua moja zuri. Nikaweka ncha mdomoni, nikatafuna kwa nguvu, nikavuta na majani, nikalipaka tope mpaka likafanana kabisa. Mara nasikia sauti nyuma yangu. Alikuwa Suzana, jirani.

"Mama Dorotea! Siku hizi unakula mabua?"

"Meno yananiwasha."

"Yawashe tu dada, lakini ukianza kulia kama ng'ombe tutakufunga kamba."

Nikampelekea Ngosha. "Babu ameingia kwetu leo alfajiri," nikamwambia.

"Babu?"

"Babu mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Nilidhani ataligeuza, atalichunguza. Hakuligeuza. Alilipokea, na uso wake ukawaka, kweli ukawaka, kama mtoto aliyepewa ini. "Kumbe na yeye!" akasema. "Kumbe na yeye!" Akampelekea Kahigwa habari, akatoka mbio kwenda kukagua mtumbwi, akanoa hadi vitu visivyohitaji kunolewa. Nikafurahi. Nikasema, mwanamke mwenye akili nyumba yake haianguki.

Asubuhi watu wakajaa ukingoni kama siku ya gulio. Wamekuja na vikapu vya kubebea nyama, visu, watoto mgongoni. Mimi nikapanda juu ya mwamba, na maji ya ziwa yakitulia sauti husafiri, kwa hiyo kila neno nililisikia. Mtumbwini Bwana alikaa mbele na bunduki yake. Katikati Kahigwa, kashika kingo mbili, macho yamemtoka. Nyuma Ngosha na kasia, chusa iko miguuni pake.

Wakasogea kwenye mafunjo. Kimya. Halafu maji yakapasuka, pwaaa! Babu! Masikio kwanza, halafu macho, halafu kile kichwa chote kikitoa moshi wa maji. Watu tukashika vinywa. Bwana akainua bunduki.

"Bado!" Ngosha akasema. "Lazima asomewe kwanza."

Kahigwa akatafsiri. Bwana akateremsha bunduki, akangoja kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa avue kofia kanisani.

Ngosha akainua bua. "Babu! Umekula kwa Mama Doro..."

Jua lilikuwa limepiga lile bua upande wa chini, pale nilipokata. Ncha nilikuwa nimeitafuna, shina nikalisahau. Lilikuwa limekatwa mshazari, safi, na hakuna kiboko anayetembea na kisu. Ngosha akaligeuza mara moja. Akageuka ukingoni, na katika wanawake wote wale akaniona mimi tu. Weee! Nikatazama mawingu.

"Hana kesi," akasema, akalitupa bua majini. "Tunarudi."

Bwana hakungoja tafsiri. Akainua bunduki, akalenga. Ngosha akachomeka kasia, akavuta mara moja, na mtumbwi ukazunguka, vuu! Bwana akajikuta ameelekeza bunduki kwetu sisi. Tukalala chini wote! Bwana akageuka, akamtafuta Babu, akalenga. Kasia tena, vuu! Sasa anaulenga mwamba wangu. Akapiga kelele kwa Kiingereza, akageuka, vuu! Anazungushwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mzungushe!" Suzana akapiga ukelele. "Mzungushe, baba, mpaka atapike!"

Wanawake wote wakapokea, mzungushe, mzungushe! Na Mungu anisamehe, nami nikajikuta napiga vigelegele, mimi niliyelitaka gobori kuliko wote!

Babu akachoka na kelele. Akafungua kinywa, nikaona mpaka kooni, akazama, akaja chini ya mtumbwi na kuunyanyua mbele juu. Bunduki ikalia, risasi ikaenda mawinguni. Bwana akakaa kwa kishindo. Kofia ya juu ikaruka majini, Babu akapita nayo. Kahigwa alikuwa anawaita watakatifu wote kwa Kihaya, mmoja baada ya mwingine, na nadhani mmoja alisikia, maana mtumbwi ukarudi kukaa sawa. Babu akaingia mafunjoni, tusimwone tena.

Walipofika ukingoni uso wa Bwana ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyoiva. Tukajua sasa atampiga mtu. Lakini akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema kitu.

"Anasema moyo wake haujawahi kupiga hivi tangu azaliwe," Kahigwa akasema, bado amekumbatia nguzo ya kufungia mitumbwi.

"Basi amepata alichokuja kutafuta," Ngosha akajibu, "na Babu yuko hai."

Bwana alipotafsiriwa hayo akaacha kucheka. Nadhani alikumbuka kwamba yeye ni Bwana na watu wanamtazama. Akasema maneno machache, akapanda njia kuelekea kwenye gari lake, kichwani kofia moja.

"Kichwa hakukipata," Kahigwa akasema polepole. "Na wewe gobori hutalipata. Samahani, mzee."

Watu wakarudi na vikapu vitupu. Mimi nikarudi nyumbani mbele ya Ngosha, nimenyoosha shingo. Alipoingia sikumngoja aanze.

"Umetuua! Tutalinda mtama kwa kitu gani? Kwa mdomo?"

"Wewe umeniletea uongo."

"Uongo wa kulisha ukingo mzima! Na wewe ulivyolipokea mbio mbio! Mwindaji gani hatazami bua?"

Nilidhani nimemshinda. Akakaa chini.

"Kweli," akasema. "Sikulitazama kwa sababu sikutaka kulitazama. Miaka kumi namtaka yule mnyama, Mama Dorotea. Si kwa nyama. Namtaka tu, kama yule mzungu. Uliponiambia amekula, nilifurahi, nikaona haya kwa kufurahi, nikafurahi tena. Na pale majini nilipoona kisu, mkono ulikuwa bado unaitafuta chusa. Unadhani nilikuwa namzungusha Bwana peke yake? Nilikuwa najizungusha na mimi."

Nikakosa neno. Mara moja tu katika ndoa yetu, na watu wanaonijua hawaamini.

Anayeleta bua la uongo adhabu yake inajulikana. Analinda mashamba ya wote mpaka mavuno, kwenye ulingo, kile kichanja kirefu cha shambani, na debe la kupigia kelele. Ngosha hakunificha, alisema mbele ya wazee, lakini akajitaja na yeye, kwa kuwa alilipokea amefumba macho. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Wakatupatia ulingo mmoja na madebe mawili.

Gobori halikurudi, si mwaka ule wala mwingine wowote. Jua lilipokuwa likishuka tulipanda ulingoni, yeye kushoto, mimi kulia, tukapiga. Mikono ilivimba, sauti ilikauka. Viboko walikula pembeni kwa Suzana na kwetu kidogo, mtama mwingine wote ukaingia ghalani. Kosa lilikuwa langu, na sasa nimelikubali. Lakini kupiga debe nilimshinda Ngosha, na viboko ndio mashahidi, maana upande wake ndio walioingilia.