Mjukuu Niliyedhani Ni Somo Yangu

Admin, nifichie kila kitu ila jina langu la kwanza, maana ndilo lenye kisa. Usiogope, wanaonijua kwa jina hilo wamebaki wachache mno.

Naitwa Chausiku, mjane wa miaka sitini na mbili, naishi peke yangu Ipuli, hapa Tabora. Nyie mabinti wa leo mtacheka, lakini enzi zetu jina hili lilitamba. Darasani tulikuwa Chausiku wanne: Chausiku Mrefu, Chausiku wa Kinyozi, Chausiku Mweupe, na mimi Chausiku wa Mtendeni. Mwalimu akiita mmoja tunaitika wote, kisha tunachapwa wote. Wenzangu watatu wameshatangulia mbele ya haki. Mtaani mimi ni Mama Idi, au bibi. Jina langu nalisikia zahanati tu, na muuguzi akiliita, vijana kwenye benchi hutazamana na kucheka.

Miaka mitano iliyopita mwanangu Idi, anayeishi Mwanza na mkewe, alinipigia simu: "Mama, tumepata binti. Ni somo yako." Nililia jamani. Kwetu ukipewa somo umepata mwenzio, mtu mliyechangia naye jina mpaka kaburini. Siku ya saba nikamfanyia akika hukuhuku, nikachinja mbuzi, shehe akamwombea dua kwa jina la Chausiku. Pilau niligawa mpaka kwa majirani zangu Wamoraviani. Tangu hapo kila nikipiga simu naanza, "Somo yangu hajambo?" Mkwe wangu anajibu, "Hajambo mama, amelala." Miaka mitano mtoto amelala!

Likizo iliyopita wakaja, mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Mtoto anacheza uani, nikaita, "Chausiku! Njoo uchukue karanga." Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Akanitazama akasema, "Bibi, unamwita nani? Mimi Kaila."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa watoto. Nikamgeukia mkwe wangu, naye kainamia ungo anachambua mchele. "Mama nisamehe," akasema. "Cheti kimeandikwa Kaila. Niliogopa wenzake shuleni watamcheka, lile jina ni la kizamani." Idi akasema, "Hatukutaka kukuumiza, mama," akatoka nje.

Sikugombana. Nilimpa Kaila karanga zake, mtoto mzuri, hana kosa. Lakini walipoondoka nililia siku mbili. Majirani waliokula pilau yangu sijawaambia. Wakiniuliza, "Somo yako hajambo?" najibu hajambo.

Sasa wiki iliyopita Idi kapiga. Mkewe ni mjamzito, vipimo vinaonyesha binti tena. "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huyu tunamwandika Chausiku kweli, na cheti nitakuletea ukione." Moyo ulinidunda kwa furaha. Halafu nikawakumbuka wale vijana wa zahanati. Nimtwishe mtoto kicheko cha watu kwa sababu ya upweke wangu? Na nikikataa, siku nikifa jina tunazikwa nalo pamoja.

Idi anataka jibu kabla ya Ijumaa. Wanangu, wajukuu zangu, niambieni bila kunionea haya, nikubali au nikatae? Na kama miongoni mwenu yupo Chausiku, hata mmoja, asione aibu. Aandike tu hapo chini kwamba yupo, nimwone.