Masikio ya Ng'ombe wa Baba Mkubwa

Msimu ambao kila mwenye mizani aliruhusiwa kununua pamba, na kila mwenye mtambo aliruhusiwa kuchapa gazeti, mimi nilikuwa na digrii ya fizikia na hakuna aliyenihitaji. Gazeti moja jipya la Dar es Salaam likanichukua nichore katuni za sayansi. Nilichora Dunia inalalamika kizunguzungu. Nilichora chawa chini ya hadubini, anauliza kwa nini anachunguliwa uchi. Nyumbani Nkololo, kwa baba mkubwa aliyenilea, walisema nimekwenda chuo kikuu kusomea chawa. Hawakuwa wanatania.

Wakati huo wengi walikuwa wanamwagia pamba maji ili iongeze uzito. Nikachora mkulima na ndoo yake, na profesa anampigia makofi: "Hongera! Zao la kwanza duniani kukua baada ya kuvunwa!" Pembeni nikaweka ng'ombe wa mkokoteni, anacheka. Kile kicheko cha ng'ombe nilikionea fahari kuliko digrii.

Nilipokwenda nyumbani nilimwamkia baba mkubwa, "Mwangaluka." Alinitupia gazeti kifuani.

"Huyu ng'ombe wa nani?"

"Wa kuchora tu, baba."

"Soma masikio, msomi."

Nikasoma. La kulia limekatwa ncha, la kushoto lina mapengo mawili. Kwetu kila ukoo hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake, na mimi sikuwahi kuchunga wengine ila wa kwake. Mkono ulichora ulichokizoea. Kutoka Nkololo hadi Bariadi hakuna mfugaji asiyeijua alama ile.

Mnunuzi wa pamba pale kijijini alikuwa ameibandika katuni juu ya mizani. Pamba ya baba mkubwa, mavuno ya mwaka mzima, ilikuwa imerudishwa mara mbili bila kupimwa, na ununuzi ulikuwa unafungwa wiki ile.

Kesho yake tukaipeleka tena, mimi nikiwa shahidi.

"Mimi ndiye niliyechora," nikamwambia mnunuzi. "Mzee huyu hajawahi kumwagia pamba maji."

"Kwa hiyo gazeti limeandika uongo?"

"Ni kichekesho."

"Nimecheka. Ondoeni mkokoteni."

Baba mkubwa alichomoa pamba guniani, akamsogezea puani. "Ishike basi!"

Mnunuzi hakutoa mikono mfukoni. "Ya juu huwa kavu, mzee."

Nikaanza kueleza kwamba tungeweza kupima kidogo, tukaianika juani, tukaipima tena, tofauti ndiyo maji.

"Profesa, kuna watu nyuma yako."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni jirani yetu, ambaye gunia lake lilikuwa linadondosha maji miguuni pake. Lilipimwa, akalipwa.

Baba mkubwa akageuza ng'ombe kuelekea Lalago, safari ya zaidi ya siku moja, ambako huenda gazeti halikufika. Nikapandisha mguu mkokotenini.

"Shuka."

"Nitakusaidia kushusha, baba."

"Huko nitasema ng'ombe nimeazima. Wewe umeshajitangaza mbele ya watu kuwa ndiye mchoraji; wakiona tunavyofanana, nani ataniamini?"

Nikashuka. Alichana shuka lake vipande, akawafunga ng'ombe masikio kama wagonjwa, kisha akawachapa fimbo bila kunitazama.