Tulikwenda Malindi Bila Kutoka Kibokoni

Bora niseme mwenyewe, maana najua kisa hiki kishafika hadi Feri na kila kinakopita kinaongezwa chumvi: mimi ndiye yule mwanamke wa Kibokoni aliyejificha nyumbani kwake siku ya Idi, kufuli likining'inia nje na sisi watatu tumo ndani, mpaka mtaa mzima ukadhani tumekufa. Ni kweli. Hata hiyo sehemu ya kufa ni kweli, nitaifikia.

Chanzo chake ni pesa, au tuseme kutokuwa nazo. Mume wangu Swaleh alikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, na mwezi wa Rajabu kampuni ikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Aliponiambia aliniomba jambo moja tu, asijue mtu, na zaidi asijue mama yake, kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba na ndiye anayemnunulia dawa za presha. Nikakubali. Basi kila asubuhi Swaleh alivaa shati lake la pasi, akabeba mkoba, akaenda Liwatoni kutazama watu wakishusha samaki mpaka jioni, kisha akarudi na uso wa mtu aliyechoka na kazi. Mimi hushona madira nyumbani, na pesa ya cherehani ikawa ndiyo kodi, ndiyo umeme, ndiyo dawa za mama mkwe. Ramadhani tuliimaliza kwa maharagwe na dua.

Sasa, nyumba yetu ina jina. Kila Idi tulipika biriani ya sufuria kubwa, mlango ukawa wazi tangu watu watoke kuswali, na watoto wa mtaa walipanga foleni mbele ya Swaleh wapewe mkono wa Idi, tena si sarafu, noti ya hamsini hamsini (huo ulikuwa ujinga wetu wa miaka ya neema, na neema ilipoondoka watoto hawakuarifiwa). Mwaka huo nilikuwa na shilingi mia sita na mchele kilo moja na nusu.

Siku mbili kabla ya Idi nilikuwa naanika nguo, Bi Rukia, jirani wetu wa mkabala, akaniita kutoka dirishani kwake. "Mama Nasra, mwaka huu mwapika biriani ya kuku ama ya mbuzi? Wajukuu wangu washaanza kuniuliza."

Ningemwambia tu, "Mwaka huu mambo mazito kidogo, Bi Rukia," angenijibu, "Mungu atajalia," na yangekwisha. Lakini mdomo wangu, Mungu ausamehe, ukasema: "Mwaka huu hatupo. Twaenda Malindi kwa dada yangu."

"Mwaondoka lini?"

"Alfajiri ya Idi." (Nani husafiri alfajiri ya Idi? Lakini nilishaanza.)

Kufika jioni mama mkwe wangu, anayekaa Tudor, alikuwa keshasikia, akatupigia simu kututakia safari njema na kumpa pole Swaleh kwa kufanyishwa kazi Ramadhani nzima bila kupumzika. Ningempigia dada yangu nimwombe anifichie siri, lakini ingebidi nimweleze sababu, nikaona haya. Nikajiambia ni siku moja tu, simu tutazizima, mtu atajuaje.

Kabla ya adhana ya alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, Swaleh alitoka akatia kufuli mlango wa mbele kwa nje, akazunguka kichochoro cha nyuma ili aingie kwa dirisha la choo cha chini. Dirisha lile lilitengenezwa lipitishe hewa, si karani mwenye kitambi. Alikwama kiunoni, nusu yuko chooni nusu yuko kichochoroni, mimi nimemshika makwapani namvuta, naye ananong'ona, "Polepole, kanzu." (Kwa nini alivaa kanzu yake nzuri kuingilia chooni, hadi leo hajanieleza.) Alipoanguka ndani hatimaye tulipanda juu, akauweka ufunguo juu ya kabati, tukafunga madirisha yote ya barabarani.

Takbira zilipoanza misikitini, Swaleh aliketi ukingoni mwa kitanda akainama. "Tangu nipate akili sijaikosa swala ya Idi," akasema. Nilikuwa nahakikisha pazia halichezi.

Nasra, binti yetu wa miaka sita, nilimwambia tunacheza mchezo wa kunyamaza. Alikaa na gauni nililomshonea kwa mabaki ya madira ya watu, akisikiliza wenzake chini wakihesabu pesa zao. "Mama, wanakwenda Makadara kwenye bembea."

"Utakwenda kesho."

"Kesho tutakuwa tumesharudi?"

Yaani hata yeye alishaamini tumesafiri. Tulitembea kwa ncha za vidole, feni hatukuiwasha, mchele hatukuupika harufu isitutoe, kikohozi kikinijia nakizika kwenye mto, na futari yetu ya mwezi mzima ilikuwa karamu ukiilinganisha na chai ya rangi na mkate wa jana tuliokula siku hiyo. Watoto walipokuja kugonga, Bi Rukia aliwafukuza: "Hawapo, wamesafiri, hamuoni kufuli?" Moyo ukanitulia kidogo. Nikaona mpaka Magharibi tutakuwa tumevuka.

Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo tuktuk iliposimama chini. Niliitambua sauti kabla sijayashika maneno. Ilikuwa ya mama mkwe.

"Wamesafiri, dada," Bi Rukia alimwambia.

"Hawakufika, Rukia. Nimempigia yule dadake Mama Nasra kumtakia Idi njema, asema hajawaona wala hakuambiwa kama waenda. Simu zao zote mbili hazishiki. Mwanangu yuko wapi?"

Swaleh akasimama. Nikamshika mkono wa kanzu, nikamnong'oneza kwamba akijitokeza sasa atamwambia nini, mama na mtaa mzima, bora tutoke kwa nyuma, tufike barabarani, tuwashe simu tuseme gari liliharibika njiani. Akakubali, au alichoka tu. Niliteremka nikachungulia dirisha la choo, na kichochoroni walikuwa wameketi wanawake watano na sinia la kaimati, wametulia kabisa, hawana haraka ya kwenda popote. Nikarudi juu.

Chini watu walishaongezeka. Mmoja akasema amesikia kuna gari limepinduka asubuhi njia ya Malindi. (Baadaye tulijua lilikuwa lori la nazi na hakuna aliyeumia, lakini nani husubiri baadaye.) Mwingine akaanza kupiga simu hospitali. Halafu mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya chini, na mtaa wetu ulivyo mwembamba sauti ya chini hupanda moja kwa moja, "Na chumba cha maiti pia waulize."

Ndipo mama mkwe akalia. Hakupiga kelele. Alikuwa akimwita tu, "Swale wangu, Swale wangu," kama alivyomwita alipokuwa mdogo.

Hapa ndipo ambapo siku zote nikisimulia huacha kucheka. Swaleh alifungua mdomo aitike, nami nikauziba. Kwa kiganja changu hiki. Nilimziba mume wangu mdomo huku mama yake anamwita, na nilichokuwa nikikiona mbele yangu, wallahi, ni uso wa Bi Rukia na noti za hamsini. Nilisikia masharubu yake yakilowa machozi kiganjani na bado sikuuondoa mkono. Nilimwambia, "Kidogo tu, watatawanyika."

Hawakutawanyika. Wazee wakaanza kusoma inna lillahi, Bi Rukia akaangua kilio, kisha nikasikia kishindo na mtu akisema, "Mshikeni mama Swaleh, ameanguka, mpeni nafasi." Nasra alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo bila mimi kujua. Akanivuta nguo, akaniuliza kwa kunong'ona, kwa sababu mchezo alikuwa bado anaufuata: "Mama, kwani sisi tumekufa?"

Swaleh aliung'oa mkono wangu, akaenda akasukuma dirisha likafunguka lote.

"Mama, mimi niko hapa. Niko hapa, Mama."

Nyuso zote ziliinuka. Msichana mmoja alikimbia akaacha kiatu. Halafu yule mwanamume wa chumba cha maiti akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa Swaleh, mbona kufuli liko nje?" Swaleh alichukua ufunguo juu ya kabati akautupa chini.

Walipanda wote, walioitwa na wasioitwa. Wakaona jiko baridi siku ya Idi, kipande cha mkate, birika la chai ya rangi, na mtoto aliyewapungia mkono bila kusema kitu. Mama mkwe aliletwa akishikwa huku na huku, akaketishwa kwenye kiti cha cherehani, akawa anamgusa Swaleh usoni, mabegani, tena usoni. Swaleh akapiga magoti mbele ya umma ule. "Sina kazi, Mama. Tangu Rajabu."

Miezi mitatu ya siri ikaisha hapo. Wanaume wakatazama sakafu. Bi Rukia akawashusha wajukuu zake ngazi. Siku hiyo hakucheka mtu (walianza kesho yake, na hawajamaliza).

Mama mkwe hakusema lolote juu ya kazi. Alimpangusa mwanawe machozi kwa ncha ya leso yake, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa wanisikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu nalipofika?"

Uongo ulikuwepo, tena ulikuwa tayari, na mtu yeyote angenisamehe. Lakini Swaleh alikuwa pale, na kiganja changu kilikuwa bado kimelowa. "Tangu ulipofika."

Akatikisa kichwa polepole, akaomba maji. Nikamletea. Hakuyapokea mkononi mwangu. Alingoja mpaka Nasra akakichukua kikombe akampa.

Sasa Swaleh anauza misumari na rangi kwenye duka la Mhindi mmoja mjini, mshahara ni nusu ya ule wa zamani, na kila mtu anaujua kwa sababu sasa twautaja. Idi iliyofuata nilipika mbaazi na mahamri, watoto wakapata shilingi kumi kumi, na nyumba ilijaa kuliko miaka ya biriani (wengine walikuja kuliona lile dirisha la choo, sitawadanganya). Umasikini wetu watu waliuzoea kwa wiki moja. Mama mkwe huja kila Ijumaa, twasalimiana vizuri, twacheka pia, na akitaka maji bado humwagiza Nasra, nami simlaumu. Nimejiapia kwamba pasipokuwa na kitu nitasema hakuna, na mtu akisimama chini ya nyumba yangu akaita, nitaitika hapo hapo, kabla hajaita mara ya pili.